Somo la Uvuvi: Maneno ya Sheria Yampasayo Mvuvi Kuyajua

Msomaji wa bara huenda akadhani kwamba bahari haina mipaka, na kwamba kila mwenye chombo na wavu aweza kuvua apendapo. Sivyo. Bahari nayo ina mipaka kama shamba, ila mipaka yake haionekani kwa macho. Imo katika sheria. Mvuvi asiyeyajua maneno ya sheria hiyo aweza kunyang'anywa haki yake asijue kuwa alikuwa nayo.

Na tuchukue mfano wa Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, katika pwani ya Kenya. Mito ya Sabaki na Tana hutoa maji yake upande huo, na rutuba ya mito hiyo, pamoja na mikoko iliyoko ufukoni, hulea kamba wengi. Tangu miaka ya 1970 kamba hao walivuliwa na trola, yaani meli za injini zikokotazo wavu mpana kama mfuko juu ya sakafu ya bahari. Wenye mashua na mitumbwi walivua katika maji yayo hayo, wakalalamika kwamba nyavu zao zinachanwa na samaki wao wanakwisha. Mwaka 2006 uvuvi wa trola ulisimamishwa. Mwaka 2010 ukatungwa mpango wa uvuvi wa kamba, na mwaka 2011 trola zikarudi kwa masharti.

Sharti moja lilikuwa trola isivue ndani ya maili tatu kutoka pwani. Hapa pana neno la kuangaliwa. Maili ya bahari si maili ya barabarani: ya barabarani ni kama meta 1,609, na ya bahari ni meta 1,852. Kwa hiyo maili tatu za bahari ni meta 5,556. Atakayepima kwa maili ya nchi kavu atajipunja zaidi ya meta 700 za maji yake mwenyewe, na katika mahali pa kamba hizo si chache.

Neno jingine ni “samaki wasiokusudiwa”. Wavu wa trola hauchagui. Nahodha ataka kamba, lakini mfuko ukipandishwa hutoka pia samaki wadogo, kaa na pweza, na mara nyingi uzito wao hupita ule wa kamba wenyewe. Wale wasio na bei kubwa hutupwa baharini, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Lakini kitupwacho na meli ndicho kitoweo cha mvuvi wa mtumbwi, au kingekuwa kitoweo chake baada ya miezi michache kama kingeachwa kikue. Kwa maoni yetu ugomvi wa Ungwana ulikuwa hapa kuliko penginepo pote. Kasa nao hunaswa, wakafa kwa kukosa pumzi. Ndiyo maana trola zilitakiwa kutia ndani ya wavu fito za chuma zenye mlango, ili kamba wapite nyuma na kasa atoke nje.

“Msimu wa kufunga” ni miezi ambayo uvuvi wa namna fulani hukatazwa. Mpango ule ulizifungia trola tangu Novemba hata Machi, nayo ndiyo miezi ya kaskazi, ambapo bahari hutulia na vyombo vidogo hutoka kwa wingi.

“Juhudi ya uvuvi” haina maana ya bidii. Ni hesabu ya vyombo, nyavu na siku za kuvua. Ikiwa nyavu kumi zilizokuwa zikileta vikapu viwili sasa zaleta kimoja, basi samaki wanapungua, hata kama soko lingali limejaa kwa sababu nyavu zimeongezwa.

Mbele ya maji ya karibu kuna bahari ya nchi, maili 12, na ukanda wa uchumi ufikao maili 200, kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982. Meli ya kigeni haiwezi kuvua jodari humo ila kwa leseni.

Wala sheria haiwafungi wenye meli peke yao. Mwaka 2001 Kenya ilipiga marufuku juya la kukokotwa ufukoni na bunduki ya mishale, kwa kuwa juya husomba hata vifaranga vya samaki.

Mvuvi akichaniwa wavu, na aandike mara moja tarehe, saa, jina na namba ya meli, na alama za pwani alizoziona kutoka alipokuwa. Kisha ayapeleke maandishi hayo kwa chama cha kusimamia ufuo wake na kwa ofisa wa uvuvi, pamoja na kipande cha wavu uliochanika.