Inzi wa Maembe: Anzia Chini ya Mti

Embe limeiva, rangi imependeza, lakini ukilipasua unakutana na funza. Huyo ni mtoto wa inzi wa matunda. Wengi wakimwona hukimbilia duka la dawa. Wewe anza na ndoo.

Kwanza mjue adui. Si vile vidudu vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni. Huyu anakaribia ukubwa wa inzi wa nyumbani, ana kiuno chembamba na mistari miwili ya njano mgongoni. Asili yake ni Asia. Kwetu alibainika pwani ya Kenya mwaka 2003, kisha akasambaa nchi nyingi za Afrika.

Kagua embe lenyewe. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Utaona kitobo kidogo cha ncha ya sindano, utomvu umechuruzika na kukauka, na ganda la pembeni limeanza kubonyea. Likate. Ukiona funza weupe wanajikunja na kuruka, ndiye.

Sasa ile ndoo. Embe lililoshambuliwa huanguka. Funza hutoka, hujichimbia kwenye udongo wa juu na kugeuka pupa. Wiki moja au mbili baadaye huibuka inzi kamili, na matunda yaliyobaki mtini yanamsubiri. Kwa hiyo okota angalau mara mbili kwa wiki. Msimu ukikolea, okota kila siku. Yaliyo juu yenye kitobo nayo yaangue.

Usiyatupe kwenye mboji wala mpakani mwa shamba. Hapo umewahamisha tu. Chimba shimo la zaidi ya futi mbili, fukia, shindilia. Kama kuchimba kunakuchosha, yafunge kwenye nailoni nyeusi nzito, uyaache kwenye jua kali wiki nzima. Joto litamaliza kazi.

Ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi: kihema cha neti laini. Unamwaga humo matunda mabovu na kufunga. Inzi wakiibuka wanakwama ndani, lakini nyigu wadogo wanaowashambulia inzi hao hupenya matundu ya neti na kurudi shambani kukusaidia. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimesambaza nyigu wa aina hiyo kwa ajili ya kazi hii.

Kuku wako waachie chini ya miembe. Wakichakura, pupa wanaliwa. Hapo hulipi hata senti.

Mtego wa chupa je? Mzuri, ila usikudanganye. Muulize muuzaji wa pembejeo kivutio cha methyl eugenol; jina ni hilohilo kwenye pakiti. Toboa matundu ubavuni mwa chupa ya maji, ning'iniza kivutio ndani pamoja na dawa kidogo ya kuua wadudu, kisha tundika kivulini kwa urefu wa mtu. Paka grisi kwenye waya wa kutundikia. Usipopaka, sisimizi watabeba inzi waliokufa, nawe utadhani mtego haunasi.

Udanganyifu uko hapa: kivutio hicho huita madume tu. Chupa ikijaa, moyo unatulia, kumbe majike bado wanatoboa maembe. Mtego mmojammoja ni wa kukuonyesha inzi wameingia na wameongezeka kiasi gani.

Jike mvizie kwa tumbo. Anahitaji protini ili mayai yake yakomae, basi mpe chambo cha protini chenye dawa. Huna haja ya kuogesha mti mzima. Mililita 50 kwenye eneo la mita moja mraba ya majani zinatosha kwa mti mmoja. Rudia kila wiki, tangu matunda yakiwa madogo hadi uvune. Soma lebo, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kupuliza dawa kali mti mzima sikushauri. Haimfikii funza aliye ndani ya tunda, na inaua wasaidizi wako.

Msaidizi mmoja unamjua kama uko pwani: majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Majike wa inzi hukwepa kutaga kwenye embe walikopita majimoto. Unganisha mti na mti kwa kamba ili wahame wenyewe. Wanauma, ndiyo. Siku ya kuvuna jipake majivu mikononi. Hasara yao nyingine ni kwamba hulinda vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe. Ukiona wamezidi kwenye tawi, likate.

Una mti mmoja tu uani, au mpera? Valisha matunda mifuko ya gazeti yangali machanga. Inachukua muda, lakini inafanya kazi.

Vuna embe likiwa limekomaa na bado gumu. Kadiri linavyoivia mtini ndivyo linavyozidi kuita inzi.

Ukikuta mdudu ndani ya kokwa, huyo ni fukusi wa embe, kesi nyingine. Hujificha kwenye nyufa za magome. Okota makokwa na uyateketeze, na usichukue mbegu kutoka shamba lenye fukusi.

Limebaki jambo moja. Inzi huyu anaruka, na embe si chakula chake pekee: mapera, machungwa na hata kungu vinamfaa. Ukisafisha shamba lako huku la jirani likinuka, wiki ijayo atakuwa kwako. Mtafute jirani kabla msimu haujaanza, mpange siku moja ya kuokota pamoja. Akisema hana muda, muombe ruhusa uyaokote mwenyewe.