Nani Huja Kumtembelea?
Somo la kamati za diakonia



Panapozungumzwa huduma kwa watu wenye ulemavu wa akili, wazo la kwanza huwa kujenga kituo. Ni wazo jema. Hata hivyo, inafaa tujifunze kwanza kwa Kanisa la Ujerumani, lililotutangulia katika kazi hii.

Mwanzo wa vituo
Mwaka 1854 Mchungaji Wilhelm Löhe, Mlutheri, alianzisha nyumba ya mashemasi wa kike huko Neuendettelsau. Mwaka huo huo walianza kupokea watu wenye ulemavu wa akili, ambao wengi wao walikuwa wakifichwa au kuachwa bila matunzo. Mwaka 1867 kilianza kituo cha Bethel, Bielefeld, kwa wenye kifafa. Bethel tunaifahamu: mashemasi wake walikuja kuhudumia wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara.

Vituo vilikua. Waliohudumiwa walipata chakula, kazi na ibada. Lakini wengi waliishi mbali na kwao, miaka hadi miaka, na sharika zao zikawasahau.

Siku ya majaribu
Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na kasoro za kurithi. Watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo, na hospitali za Kanisa zilishiriki. Mwaka 1939 vituo vilianza kuletewa fomu. Kila mkazi aliulizwiwa: ana ugonjwa gani? Anaweza kazi gani? Na tena: je, hutembelewa mara kwa mara, na nani?

Waliochaguliwa walichukuliwa kwa mabasi. Grafeneck, nyumba ya walemavu iliyokuwa mali ya shirika la Kanisa, ilitwaliwa na serikali. Mwaka 1940 watu zaidi ya 10,600 waliuawa humo kwa gesi. Kutoka Neuendettelsau walihamishwa zaidi ya 1,200, na wengi wao waliuawa.

Wako waliopinga. Julai 1940 Mchungaji Paul Gerhard Braune aliiandikia serikali waraka wa kupinga mauaji hayo, na mwezi uliofuata akakamatwa. Hata hivyo, hadi Agosti 1941 walikuwa wameuawa watu wapatao 70,000, na mauaji yaliendelea kwa njia nyingine hadi vita vilipokwisha.

Tunajifunza nini?
Kosa halikuwa huruma ya waanzilishi. Ila kuta zilizojengwa ili kuwalinda wanyonge ziliwatenga pia na macho ya watu wao, na siku ya hatari wachache tu waliulizia habari zao. Baada ya vita, mwaka 1958, wazazi na wataalamu waliunda chama cha Lebenshilfe huko Marburg, ili watoto hao wapate mafunzo wakiwa wanaishi nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu mfadhili, mchango unaomwezesha mama kumlea mtoto wake kijijini, au mwalimu kumfundisha karibu na kwao, una uzito sawa na wa matofali. Na pale ambapo kituo kinahitajika, usharika usikome kwenda (Mathayo 25:36).

Maswali ya kujadili
1. Katika mitaa ya usharika wetu, ni watu wangapi wenye ulemavu wa akili tunaowajua kwa majina?
2. Nani huwatembelea, na mara ya mwisho ilikuwa lini?
3. Ni nani kati yao hajafika ibadani, na tufanye nini ili afike?