Wati Siyo Mwanga: Tujifunze Kuchagua Balbu



Siku hizi nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Ufipa. Zamani, giza likiingia, tuliwasha koroboi. Mafuta ya taa yakipungua kwenye chupa, tuliyaona kwa macho. Umeme hauonekani ukipungua. Unashtukia tu LUKU imekata na nyumba nzima ni giza. Kwa hiyo leo tujifunze kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye boksi la balbu.

Hebu tumfikirie mama mmoja wa Mollo. Ameuza debe la maharage mjini Sumbawanga, sasa yuko dukani.

MAMA: Mwanangu, nipe balbu yenye wati nyingi. Watoto wanasoma usiku, nataka mwanga mkali.
MUUZA DUKA: Hii ya waya ni wati 60, mama. Na hii ya LED ni wati 9.
MAMA: Basi nipe ya 60. Hiyo ya 9 si itakuwa kama koroboi?

Je, mama huyu amechagua vizuri? Hapana. Balbu hizo mbili zinatoa mwanga karibu sawa. Tuone sababu.

1. WATI NI NINI?

Wati ni kipimo cha ulaji wa umeme. Jina hilo linatokana na James Watt, fundi wa Uskoti aliyeishi tangu 1736 hadi 1819. Kifaa chenye wati nyingi kinakula umeme mwingi.

Ukinunua ng'ombe wa maziwa, je, unauliza anakula majani kiasi gani tu? La. Unauliza pia anatoa lita ngapi. Basi wati ni majani. Maziwa ya balbu ni mwanga, na kipimo chake huitwa lumeni.

2. LUMENI NI NINI?

Mshumaa mmoja hutoa lumeni 12 hivi. Balbu ya waya ya wati 60 hutoa lumeni 700 hadi 800. LED nzuri ya wati 9 nayo hutoa lumeni 800 hivi.

Kwa nini? Balbu ya waya hutoa mwanga kwa kuchoma waya mwembamba mpaka uwake. Sehemu kubwa ya umeme inageuka joto. Ndiyo maana ukiigusa inakuunguza. Baridi ya Ufipa tunaijua, lakini hatununui balbu ili tuote moto!

Soma jedwali hili:

Lumeni 400 hivi: waya wati 40, LED wati 4 hadi 5.
Lumeni 800 hivi: waya wati 60, LED wati 8 hadi 10.
Lumeni 1,500 hivi: waya wati 100, LED wati 13 hadi 16.

3. TUPIGE HESABU

Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Tuseme taa inawaka saa 5 kila usiku, kwa siku 30.

Balbu ya waya: 60 x 5 x 30 = 9,000. Gawa kwa 1,000. Ni uniti 9.
Balbu ya LED: 9 x 5 x 30 = 1,350. Gawa kwa 1,000. Ni uniti 1.35.

Tofauti ni uniti 7.65 kwa taa moja. Nyumba yenye taa 4 inapoteza uniti 30.6 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa wewe. Hizo ni fedha za madaftari, sabuni na chumvi.

4. UKIFIKA DUKANI

Maboksi mengi yameandikwa Kiingereza. Usiogope. Tafuta alama hizi tatu:

lm ni lumeni, yaani mwanga. Sebuleni na mahali pa kusomea tafuta 800 hivi. Chooni 300 au 400 zinatosha.

W ni wati, yaani ulaji. Angalia sana hapa! Maboksi mengine huandika 60W kwa herufi kubwa, maana yake mwanga unafanana na wa balbu ya waya ya wati 60. Wati zake zenyewe ni ile namba ndogo.

V ni volti. Umeme wa TANESCO ni volti 230. Taa nyingi za sola ni za volti 12. Ukiweka taa ya volti 12 kwenye umeme wa TANESCO, itaungua papo hapo.

Tazama pia kama balbu inaingia kwenye holda yako: kuna za pini na kuna za kuzungusha kama skurubu. Tafuta alama ya TBS. Omba balbu ijaribiwe mbele yako, na tunza risiti.

Basi, mama yetu akirudi dukani asiseme, "Nipe wati nyingi." Aseme, "Nipe lumeni 800, wati ziwe chache."

MAZOEZI

1. Balbu A ina lumeni 900 na wati 12. Balbu B ina lumeni 900 na wati 9. Utanunua ipi? Kwa nini?
2. Taa ya nje ya wati 5 inawaka saa 12 kila usiku. Kwa siku 30 itakula uniti ngapi?
3. Hesabu taa za nyumbani kwako. Andika wati za kila moja, kisha jadili na wenzako.

Majibu: (1) Balbu B. Mwanga ni sawa, lakini inakula umeme kidogo. (2) Uniti 1.8.