Kila Kiumbe na Sehemu Yake

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwa. 1:20-28; Law. 11:9-12, Law. 25:1-7, Kum. 22:6, 7, Zab. 104:10-28, Rum. 8:19-22.

Fungu la kukariri: Zaburi 104:24.

Soma Zaburi 104:10-23. Ni viumbe gani wanaotajwa, na kila mmoja amepewa nini?

Mtunga zaburi anawapanga viumbe kwa mahali na kwa wakati. Punda-mwitu wana chemchemi, ndege wana matawi, mbuzi-mwitu wana milima, wibari wana miamba. Simba hutafuta chakula usiku. Jua likichomoza hurudi mapangoni, naye mwanadamu hutoka kwenda kazini hadi jioni. Simba na mkulima wanatumia nchi ileile, lakini kwa zamu. Muumba hakutoa chakula tu. Aliweka pia utaratibu wa kukigawana.

Furu na sangara

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tunao mfano wa karibu. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichunguza furu katika Ghuba ya Mwanza, maji yaleyale yanayotenganisha Sengerema na jiji la Mwanza. Katika ghuba hiyo pekee walikuta aina zaidi ya 100. Mvuvi huwaita wote furu, lakini wengine hukwangua mwani juu ya mawe, wengine huvunja konokono, wengine hula wadudu wa matopeni, na wengine huwinda samaki wenzao. Kwa kugawana chakula na mahali, waliishi wengi pamoja pasipo kumalizana.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara aliletwa ziwani kutoka nje. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Furu wakapungua kwa kasi, na aina nyingi hazikuonekana tena. Sangara akageukia dagaa, uduvi, hata watoto wake mwenyewe. Ndege mdiria, aliyezoea kula furu, naye akahamia kwenye dagaa. Athari zikafika nchi kavu: furu walianikwa juani, bali sangara ana mafuta mengi na hukaushwa kwa moshi, na moshi unataka kuni.

Tusimlaumu sangara. Amesomesha watoto wetu na kuleta viwanda vya minofu Mwanza. Wala hakujileta, mwanadamu ndiye aliyemleta.

Soma Warumi 8:19-22. Uamuzi wa mwanadamu unawagusaje viumbe wengine?

Hata yule tusiyemla

Kambale hana magamba, kwa hiyo hayumo mezani petu (Law. 11:9-12). Lakini agizo hilo linahusu sahani yetu, si thamani yake mbele za Mungu. Baraka ya kuongezeka majini (Mwa. 1:22) haikumwacha nje. Tena angalia mpangilio: samaki walibarikiwa kwanza, ndipo mwanadamu akapewa kuwatawala (fungu la 28). Utawala unaofuta baraka iliyotangulia si utawala aliotoa Mungu.

Chukua, lakini acha

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Mwisraeli aliruhusiwa kuchukua nini, na alipaswa kuacha nini?

Mungu hakukataza kula. Aliweka mpaka, ili kesho kuwe na kiota kingine. Sheria ya uvuvi ya nchi yetu inafuata njia hiyohiyo inapokataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, na inapokataza kokoro, linalokokota mazalia pamoja na watoto wa samaki.

Hapa ndipo imani inapopimwa. Mtu anaweza kuweka mtumbwi wake ufukweni Ijumaa kabla jua halijazama, akaimba vizuri Sabato, kisha usiku wa Jumapili akavuta kokoro, na zaka ya samaki wale akaileta kanisani. Sabato inatufundisha kusimama wakati bado tungeweza kuendelea. Katika mwaka wa saba hata shamba lilipumzika, na kilichoota chenyewe kilikuwa chakula cha maskini, cha mgeni, cha mifugo na cha wanyama wa porini (Law. 25:6, 7, Kut. 23:11). Anayeishika Sabato kwa moyo hujifunza pia kuuacha mwalo upumzike.

Hata hivyo tusimhukumu ndugu kwa haraka. Wengi wanaovua samaki wachanga wanasukumwa na njaa na madeni. Zaburi inasema kwamba viumbe vyote vinamngojea Mungu avipe chakula kwa wakati wake (Zab. 104:27). Kungoja huko ni kugumu kwa mwenye watoto wanaolia, na mara nyingi Mungu hulisha kwa mkono wa jirani.

Maswali ya kujadili:

1. Mshiriki wa kanisa lako anategemea kokoro kulisha familia yake. Mbali na kumwonya, darasa lenu linaweza kumsaidiaje kuanza upya?

2. Wavuvi, wakulima na wafugaji wa eneo lenu wanatumia ufuko mmoja. Abramu na Lutu (Mwa. 13:5-12) wanawafundisha nini?

3. Ni kitu gani ambacho juma hili ungeweza kukichukua chote, lakini kwa ajili ya wengine utaacha sehemu?