SAFU YA AFYA: Kiatu cha kuchokolea pweza ni kile kinachotoa maji

SWALI: Daktari, mimi ni kijana wa Tongoni, kazi yangu kuchokoa pweza miambani, na mara nyingine natafuta kaa mikokoni. Bamvua lijalo tunakwenda dago na wenzangu, mbali na kijiji, tutakaa siku kadhaa. Siku zote nimekwenda na ndala au miguu mitupu, na safari iliyopita nilirudi nyayo zimechanika na vidole vinawasha. Mwenzangu mmoja anataka tununue gambuti, mwingine anasema yeboyebo zinatosha. Tuvae nini?
Msomaji, Tongoni

JIBU: Mwanangu, nimefurahi umeuliza kabla ya safari. Nunueni raba za turubai za kufunga kwa kamba, zenye soli nene na ngumu. Ndala chukueni pia, lakini hizo ni za kambini tu.

Watu wengi wakisikia kazi ya majini hutafuta kiatu kisichoingiza maji. Kwa kazi yako kiatu hicho hakipo. Wewe unafuata maji yanavyopwa, unavuka vidimbwi vya magotini, na yanapoanza kujaa bado uko mwambani. Gambuti huzuia maji mpaka yavuke mdomo wake, na yakishaingia hayana pa kutokea. Ukiteleza penye kina, buti lililojaa ni mzigo mguuni wakati unapohitaji kuogelea. Mikokoni nako tope hulishika, mguu ukachomoka peke yake, nawe ukakanyaga mtupu juu ya mizizi ya mchu iliyosimama wima kama misumari. Gambuti ni kiatu kizuri cha shambani. Baharini linakuponza.

Yeboyebo hutoa maji vizuri, ila soli yake ni laini na kisigino hakishikwi sawasawa. Miambani kuna samaki-jiwe, ambaye hulala kimya akifanana na jabali, na ana miiba 13 ya sumu mgongoni. Mwiba wake unaweza kupenya soli laini. Kuna fuma, ambao miiba yao hukatikia ndani ya nyama, na kuna chaza wanaokata kama wembe. Katambuga za tairi zina soli imara, lakini vidole na ubavu wa mguu vinabaki wazi.

Kwenye mitumba mjini Tanga utapata raba nzuri kwa bei nafuu ukijua cha kutazama. Ingiza mkono ndani, bonyeza soli kwa kidole gumba. Ukihisi kidole upande wa pili, irudishe. Nenda jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kutwa nzima, na uijaribu ukiwa umevaa soksi utakazokwenda nazo. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nyumbani, pasha msumari moto utoboe matundu mawili matatu kila ubavu, juu kidogo ya soli, ili maji yatoke kila unapopiga hatua. Soksi ziwe ndefu na za nailoni, kwa sababu za pamba hushika maji na kujikunja. Soksi pia hupunguza mchanga unaokwangua ngozi. Kabla ya kuvaa, paka mafuta ya mgando kisiginoni na katikati ya vidole.

Siku za maji mafu, kabla ya bamvua, zivae raba hizo ufukweni zikuzoee. Kiatu kipya kisivaliwe mara ya kwanza dagoni.

Sasa niseme juu ya huko kuchanika na kuwasha. Ngozi ikilowa saa nyingi inakuwa nyeupe, inakunjamana na kulainika, na hapo hata mchanga mdogo unaichubua. Fangasi na bakteria hupata mlango. Askari wa Marekani walipopigana Vietnam, waliokaa na miguu iliyolowa siku mbili tatu mfululizo walishindwa kutembea kwa maumivu, na dawa kubwa ilikuwa kukausha miguu na kuipumzisha. Kwa hiyo raba itakulinda mchana, lakini kinachoponya mguu ni usiku mkavu. Ukifika kambini vua raba na soksi mara moja. Suuza miguu kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hata kama ni kikombe kimoja, kausha katikati ya kila kidole kwa kipande cha kanga, kisha vaa ndala. Soksi kavu zitunze kwenye ndoo yenye mfuniko. Raba zianike upeponi, mbali na moto, maana moto huachisha gundi. Huko kuwasha inaelekea ni fangasi. Nenda zahanati sasa, upate krimu ukaanze kuitumia kabla ya safari.

Kiatu hakizuii kila kitu. Penye mchanga, buruza miguu badala ya kuinyanyua, ili taa aliyejifukia akimbie kabla hujamkanyaga. Ukichomwa na taa au samaki-jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90, kwa kuwa joto hutuliza maumivu ya sumu hiyo. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu hautambui kwamba unaungua. Bebeni chupa ya chai iliyojaa maji ya moto chomboni, muyachanganye na ya baridi yakihitajika. Msichanje jeraha, msifunge kamba. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua, maana kipande cha mwiba kinaweza kuwa kimebaki ndani, na atahitaji kuulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kama mmoja wenu ana kisukari, asikanyage mwamba mtupu hata hatua moja, na kila jioni mwenzake amkague nyayo, kwa kuwa huenda hasikii maumivu ya kidonda. Mkoa wetu wa Tanga unayajua matende kwa miaka mingi. Yanaenezwa na mbu, wala si tope, lakini mguu uliokwishavimba huzidi kuharibika kila bakteria wanapopenya kwenye mchubuko. Mwenye matende aoshe mguu kwa sabuni kila siku, aukaushe vizuri, na aitibu michubuko mapema.

Mkatwe au msikatwe, kagueni miguu kila jioni. Mkiona wekundu unaopanda juu, uvimbe unaoongezeka haraka, malengelenge meusi au homa, huyo ni mgonjwa wa leo. Bakteria wa maji ya bahari wanaweza kuharibu mguu ndani ya siku moja, hasa kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa ini. Kutoka Tongoni hadi Hospitali ya Bombo kuna barabara ya Pangani. Kutoka dagoni kuna bahari kwanza. Kubalianeni kabla hamjaondoka ni chombo gani kitamrudisha mgonjwa na nani atakiendesha, na dalili hizo zikitokea msisubiri bamvua liishe.