Vidonda mdomoni na mguu uliovimba: Huenda ni ugonjwa wa Behçet

Tuseme unaishi Nangina, au unafanya biashara Busia au Malaba. Umekuwa ukitokwa na vidonda mdomoni, vinapona, vinarudi. Sehemu za siri nazo zina kidonda. Halafu siku moja mguu mmoja unavimba, unauma na kuwa moto.

Mpakani, majirani watanong'ona kuwa ni Ukimwi. Usikimbie kipimo: pima virusi vya Ukimwi na kaswende kwanza, kwani hayo ndiyo ya kawaida. Lakini majibu yakionyesha huna, na vidonda vinazidi kurudi, mwulize daktari kuhusu ugonjwa wa Behçet.

Ni ugonjwa gani?

Mwaka 1937 Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul, Uturuki, alieleza habari za wagonjwa waliokuwa na vidonda mdomoni, vidonda sehemu za siri na uvimbe ndani ya macho. Ugonjwa huu huonekana zaidi kuanzia Uturuki hadi Japani. Kwetu ni nadra. Hauambukizi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na kwa wanaume huwa mkali zaidi.

Kwa nini damu huganda?

Dereva wa lori aliyeketi siku nzima kutoka Mombasa hadi Malaba aweza kugandwa na damu mguuni kwa sababu damu imetulia mno. Kwa mwenye Behçet, kasoro iko kwenye ukuta wa mshipa. Askari wa kinga ya mwili huushambulia ingawa hakuna adui. Ukuta huvimba, na damu huganda na kunata hapo.

Ndiyo maana ni lazima daktari ajue chanzo. Dawa za kuzuia damu kuganda pekee hazitoshi. Huhitajika dawa za kutuliza kinga, kama vile prednisolone na azathioprine. Tena, baadhi ya wagonjwa hutuna mishipa ya mapafu. Ikipasuka huku mgonjwa akitumia dawa za kuzuia kuganda, damu inaweza kuvuja hadi kumwua.

Ufanye nini?

Mguu mmoja ukivimba ghafla, usikubali kukandwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukapimwe mishipa kwa mashine ya ultrasaundi. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha Behçet. Daktari hutegemea maelezo yako. Basi usione haya. Mweleze kuhusu vidonda vya siri, na kama vya mdomoni vimerudi mara 3 au zaidi katika mwaka mmoja.

Ukikohoa damu, ukibanwa na pumzi, ukiumwa kichwa vikali mno au macho yakiwa mekundu na kuona ukungu, usingoje kesho. Na ukishaanzishiwa dawa, usiziache ghafla hata mguu ukinywea.