Namba 4,294,967,297 na Kosa la Fermat

Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, ambaye hisabati kwake ilikuwa mapenzi tu wala si kazi, alichunguza namba zipatikanazo kwa kuongeza 1 kwenye 2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila kipeo kikiwa maradufu ya kilichotangulia. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Fermat akaamini kwamba zinazofuata nazo ni tasa, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho.

Ya sita ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Kuipima kwa njia ya kawaida ni kazi ya kuchosha, kwani kipeuo chake cha pili kinazidi kidogo 65,536, na chini ya hapo zipo namba tasa 6,542. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel, Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Hapo maelfu yote yanatoweka: kufikia 641, namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Minne ya kwanza inashindwa, wa tano unafaulu. Ni ajabu kwamba Fermat, hodari wa vigawo, hakufika huko.

Mwalimu aweza kuuandika uthibitisho ubaoni pasipo kugawanya chochote. Ieleweke kwanza kwamba

641 = 5 × 2⁷ + 1, na tena 641 = 5⁴ + 2⁴.

Iwapo x ni 5 × 2⁷, basi x + 1 ni 641. Lakini

x⁴ − 1 = (x + 1)(x − 1)(x² + 1),

kwa hiyo 5⁴ × 2²⁸ − 1 ni kigawe cha 641. Sasa 5⁴ + 2⁴ izidishwe kwa 2²⁸: 5⁴ × 2²⁸ + 2³² nacho ni kigawe cha 641. Cha kwanza kikitolewa katika cha pili, hubaki 2³² + 1. Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa.

Baada ya 65,537 haijapatikana hata moja nyingine iliyo tasa. Ya saba, 18,446,744,073,709,551,617, ilipatiwa kigawo 274,177 mwaka 1880 na Mfaransa Fortuné Landry, mzee wa zaidi ya miaka themanini. Mwanafunzi na akigawanye kigawo hicho kwa 128, atazame kinachobaki.